Saa ya inzi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Inzi huamka kwa sababu kumekucha." Hapana. Mfungie inzi wa matunda kwenye giza totoro siku kadhaa, joto lisibadilike, na bado atachangamka na kutulia kwa zamu za takriban saa 24. Mwanga hurekebisha tu saa aliyo nayo tayari mwilini, kwa kusababisha protini iitwayo TIM ivunjwe.

"Basi kuna jeni moja inayohesabu saa." Dhana hii ina asili yake. Mwaka 1971 watafiti Ronald Konopka na Seymour Benzer walieleza inzi wa aina tatu: wenye siku ya saa 19, wenye siku ya saa 28, na wasiofuata ratiba yoyote. Hitilafu zote tatu zilikuwa kwenye jeni ileile, period. Ni rahisi kudhani mhusika amepatikana, ila period peke yake haihesabu chochote. Protini mbili, CLK na CYC, huiwasha pamoja na jeni mwenzake, timeless. Nakala za jeni hizo hufika kileleni usiku ukiwa bado mchanga, lakini protini zake, PER na TIM, hujikusanya saa kadhaa baadaye, maana kimeng'enya DBT huitia PER alama za fosfeti zinazofanya ivunjwe, mpaka TIM ije kuikinga. Zikishikana, huingia kwenye kiini cha seli na kuwafunga mikono CLK na CYC; yaani zinazima jeni zilezile zilizozizaa. Zikiisha, kazi inaanza upya. Siku ya inzi imo ndani ya kule kuchelewa. Na kwa kuwa CLK na CYC huwasha jeni nyingine pia, shughuli zao nazo hupanda na kushuka kila siku.

"Saa iko kwenye ubongo." Iko, na ndiyo inayopanga kulala na kuamka. Lakini mwaka 1997 watafiti waliunganisha period na jeni ya kimulimuli inayotoa mwanga, wakaona viungo vingi vikimetameta kwa mzunguko wa kila siku, hata vilipotenganishwa na kichwa. Kila kipande kilikuwa na saa yake, na kilirekebishwa na mwanga chenyewe.

"Hayo ni ya wadudu." Sisi tuna jeni za jamaa ya period, ingawa kwetu kazi ya TIM hufanywa hasa na protini za CRY. Mwaka 2001 ilibainika kuwa ukoo mmoja ambao watu wake huzidiwa na usingizi mapema jioni na kuamka kabla ya alfajiri ulikuwa na badiliko kwenye PER2, mojawapo ya jeni hizo za jamaa ya period.