Kabla Hujafunika Bawa: Kujenga na Kufufua Ndege Ndogo kwa Mikono Yako

Ndege kuukuu aina ya Piper J-3 Cub ikiegeshwa, mkia wake hukaa chini na pua juu. Maji yakipenya kwenye kitambaa kilichoivika, yatateremka polepole hadi kwenye mabomba ya chuma ya fremu yaliyo chini kabisa, karibu na gurudumu la mkia, na kutuama humo miaka. Fundi anayejua kazi huanzia hapo. Anashika tindo yenye ncha, anagongagonga bomba hatua kwa hatua, na sikio linatangulia jicho: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani hubonyea tu. Rangi ya juu inaweza kuwa inang'aa kama ya jana.

Nimeanza na bomba hilo makusudi. Vijana wanaotujia wakitaka kujenga ndege huuliza kwanza habari za injini: ya pikipiki itafaa, ya gari je? Ni swali la haki. Lakini uhai wa rubani unategemea pia vitu ambavyo mjenzi mwenyewe atavifunika na kuvisahau: kiungo cha mbao ndani ya bawa, ribiti (pini ya chuma inayounganisha mabati) nyuma ya bati, nati iliyokosa pini yake. Ukishafunika, hutakiona tena kwa miaka mingi, pengine mpaka siku kitakapoachia.

Marekani ndiko kazi hii ilikostawi zaidi. Mwaka 1953, Paul Poberezny na wenzake walianzisha mjini Milwaukee chama cha wajenzi wa ndege kiitwacho EAA, na hadi leo wanachama wake hukutana kila mwaka huko Oshkosh, Wisconsin. Sheria ya nchi hiyo inamruhusu mtu kujijengea ndege kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, mradi sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, ifanywe na wajenzi wasio wa kibiashara. Ndege mpya hurushwa kwanza kwa majaribio katika eneo maalumu, kwa kawaida saa 25 au 40 kulingana na injini na propela, na abiria haruhusiwi kupanda. Uingereza nako chama cha ndege nyepesi, LAA, kina wakaguzi wanaofika karakanani hatua kwa hatua, kazi ingali wazi.

Chukua ribiti moja tu ya alumini yenye unene wa milimita 3.2. Mmoja anaigonga kwa nyundo inayoendeshwa kwa upepo, mwenzake ameshika kipande cha chuma upande wa pili. Kichwa kinachojiunda huko nyuma kinatakiwa kiwe na upana wa mara moja na nusu ya unene wa ribiti, yaani milimita 4.8, na kimo cha nusu yake, milimita 1.6. Kikipinda au kikipasuka, kinatobolewa taratibu kwa keekee na ribiti nyingine inaingia. Bawa lina maelfu ya ribiti. Hapo ndipo uvumilivu wa mtu unapojulikana, maana ile ya saa nne usiku, mwili umechoka, inabeba mzigo uleule kama ya asubuhi.

Kwenye ndege za kitambaa kuna kazi ya pasi. Kitambaa cha poliesta kikishagandishwa kwenye fremu hukazwa kwa joto: nyuzi 120 hivi za Selsiasi, kisha 150, mwisho karibu 175. Ukizidisha kinalegea. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye pasi yenyewe. Ipime kwa kipimajoto. Na kabla ya kitambaa kupanda, kagua mbao kama gundi imeshika, safisha kila alama ya kiota cha panya (mkojo wake hula alumini), halafu piga picha kila kiungo ukiweka rula pembeni.

Wapo wanaotaka kubuni umbo lao wenyewe tangu ndege ya kwanza. Hapa nasema wazi: msifanye hivyo. Mfaransa Henri Mignet alibuni ndege ndogo HM.14, maarufu kama Pou-du-Ciel, ambayo aliirusha mwaka 1933. Mamia ya watu Ulaya waliijenga majumbani. Kisha vifo vikafuatana. Vipimo kwenye mahandaki ya upepo (vyumba vya kupulizia ndege upepo ili kuijaribu ikiwa chini), Uingereza na Ufaransa, vilionyesha kwamba pua ikiinama kupita kiwango fulani, mabawa yake mawili yaliathiriana kiasi kwamba rubani hakuweza kuinyanyua tena. Waliokufa huenda walichonga mbao zao vizuri kabisa. Kosa lilikuwa kwenye umbo.

Hata badiliko dogo kwenye mchoro mzuri linaua. Mwanamuziki John Denver alifariki tarehe 12 Oktoba 1997, ndege yake ya Long-EZ ilipoanguka kwenye ghuba ya Monterey, California. Katika michoro ya mbunifu wake, Burt Rutan, swichi ya kuchagua tangi la mafuta iko katikati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Kuifikia kulihitaji kujipinda, na wachunguzi waliona kwamba ukijipinda hivyo mguu wa kulia hujikuta unakandamiza pedali ya usukani, ile inayogeuza ndege.

Sisemi haya kumkatisha mtu tamaa. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya Sling 4 kutoka seti ya vipande vya kiwandani, nayo ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi ilizotua. Michoro ilikuwa ya watu waliokwisha kuijaribu, na walikuwa na wataalamu wa kuwasimamia.

Kwa aliye Tanzania au Kenya, kituo cha kwanza ni mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, kabla hata ya kununua bati. Nenda na michoro, eleza utajengea wapi na nani atakusimamia, uliza ni hatua zipi zitakaguliwa. Fungua daftari la kazi siku ileile. Mkaguzi akikuambia atafika baada ya wiki tatu na kitambaa kiko tayari mezani, kikunje ukiweke kabatini. Endelea na mkia.