Hita ikipasuka kwenye nyumba ya mawe, simenti isubiri

Huku Mji Mkongwe Bagamoyo hita ya maji ikipasuka ghorofani watu wengi siku ya pili tu washaita fundi wa lipu, naomba sana msifanye hivyo. Kwanza zima umeme kwenye meni swichi (kama imelowa usiiguse, ita fundi umeme), halafu funga maji, maana tangi likitoboka maji ya bomba yanaendelea kuingia na kumwagika mpaka mtu ayafunge.

Kabla ya kudeki angalia dari. Nyumba zetu hizi dari ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na ile chokaa inakunywa maji kwelikweli, kwahiyo uzito unaongezeka, na zile ncha za boriti zilizozama ukutani ndo zinachelewa kukauka kuliko kote, ndo hapo zinapoozea na mchwa wanapopenda. Dari likiwa limebonyea toa watu chumba cha chini, muite fundi aweke mirunda.

Sasa ukuta, na hapa ndo roho inaniuma. Mawe ya matumbawe yametoka baharini, yana chumvi ndani. Maji yakiingia yanaiyeyusha, ukuta ukianza kukauka chumvi inasafiri na unyevu kuja nje, ukifika usoni mwa ukuta maji yanapotea hewani ila chumvi inaganda na kusukuma lipu mpaka linabanduka. Ukipiga simenti au rangi ya mafuta juu yake unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi au unahamia kwenye boriti, na baada ya muda simenti inadondoka na vipande vya jiwe lenyewe.

Kwahiyo bandua lipu lililolegea na simenti yoyote ya zamani, fungua madirisha jua likiwaka, washa feni, chumvi ifagie kwa brashi kavu, usiioshe utairudisha ndani. Ukuta wa nusu mita ni miezi, sio wiki, na masika ndo kabisa. Ukikauka rudishia chokaa iliyozimwa vizuri (yaani iliyolowekwa maji), tabaka nyembamba nyembamba.

Magodoro na makapeti toeni siku hiyohiyo, ukungu hauchelewi.

Na hita mpya kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi mwambie fundi bomba awe anakagua ile fimbo ya magnesiamu ndani ya tangi, hiyo ndo inaliwa na kutu badala ya tangi, ikiisha inabadilishwa. Chini ya hita wekeni trei yenye bomba la kutoa maji nje.