Utoaji wa leseni wa lazima na wa hiari: sheria za kubeba bastola Marekani

Marekani, kila jimbo lina sheria yake kuhusu kubeba bastola iliyofichwa, iwe kiunoni chini ya shati au ndani ya mkoba. Swali kubwa katika sheria hizo ni moja: ofisa anayepokea maombi ya leseni ana uhuru kiasi gani wa kukataa?

Katika mfumo wa utoaji wa lazima, hana. Mwombaji akishatimiza umri, akatoa alama za vidole, akaonekana hana rekodi ya jinai inayomzuia na akamaliza mafunzo pale yanapotakiwa, lazima apewe leseni. Texas ilianza kutoa leseni zake mwaka 1996 kwa utaratibu huo.

Katika mfumo wa utoaji wa hiari, unaweza kutimiza yote hayo na bado ukakataliwa. New York ilimtaka mwombaji aoneshe "sababu ya msingi", na mahakama za jimbo hilo zikafafanua kuwa ni haja ya pekee ya kujilinda, isiyo ya watu wote. Kwa hiyo kusema mtaa wenu una wizi hakukutosha, maana majirani zako nao wanaishi mtaa huohuo. Binafsi naona sharti pana namna hiyo linamnyima mwombaji haki ya kujua amepungukiwa nini, hata kama nia yake ni kupunguza bastola mitaani.

Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani ililibatilisha sharti hilo kwa kura 6 dhidi ya 3. California, New Jersey na Maryland, zilizokuwa na masharti yanayofanana nalo, nazo ikabidi ziyaache. Lakini leseni zenyewe hazikufutwa. Jimbo bado linaweza kudai leseni, mradi vigezo viwe wazi.

Majimbo mengine hayadai leseni kabisa. Vermont haijawahi kuidai, na Texas iliondoa ulazima wake tarehe 1 Septemba 2021. Hata hivyo wakazi wa Texas bado wanaomba leseni, kwa sababu baadhi ya majimbo mengine huitambua wanaposafiri.

Kutodai leseni si kuruhusu bastola kila mahali. Texas, mwenye jengo anaweza kumzuia mwenye leseni asiingie na bastola iliyofichwa kwa kubandika tangazo la kifungu 30.06: maneno yaliyowekwa na sheria, Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi 1.

Kwa Waswahili walioko huko kwa viza ya muda, kama wanafunzi, kuna jambo zito zaidi. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, kwa kawaida inawakataza hata kumiliki bunduki au bastola, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Katazo hilo linawafuata hadi katika majimbo yasiyodai leseni.