Uanzie wapi kumsoma Fenimore Cooper

Riwaya tano za mwandishi Mmarekani James Fenimore Cooper kuhusu mwindaji Natty Bumppo hazikuandikwa kwa mfuatano wa maisha yake. Katika The Pioneers (1823) Natty ni mzee mwenye jino moja. The Last of the Mohicans (1826) inarudi nyuma hadi mwaka 1757, Wafaransa na Waingereza wakipigania ngome ya William Henry. The Prairie (1827) inamzika. Kisha, baada ya miaka 13, Cooper anamfufua: The Pathfinder (1840) na The Deerslayer (1841), ambayo ndiyo ya ujana wake.

Wengi hushauri ufuate umri wa Natty, yaani uanze na The Deerslayer. Mimi nasema anza na The Pioneers. Kijiji chake cha Templeton ni Cooperstown, jimboni New York, mji ulioanzishwa na babake, Jaji William Cooper, kando ya ziwa Otsego. Mwandishi alizaliwa Burlington, New Jersey, mwaka 1789, lakini alikulia Cooperstown. Katika riwaya, wanakijiji wanafyatulia makundi ya njiwa mzinga, wanaangusha wengi kupita wanavyoweza kula. Natty, anayewakemea, ndiye anayeishia mahakamani baada ya kuua kulungu nje ya msimu. Njiwa wa mwisho wa aina ile alikufa mwaka 1914.

Kinachowashinda wasomaji ni kurasa za mandhari. Usizipite zote: njia, mto na kilima vinavyotajwa hapo ndivyo vitakavyoamua nani anasalimika kwenye mbio. Hotuba za mapenzi, ruka tu. Mwandishi Mark Twain alimcheka Cooper mwaka 1895 kwa sababu kila mtu anayenyemelea lazima akanyage kijiti kikavu. Kweli kabisa, na bado mbio zenyewe zinasisimua.

Riwaya za bahari, kuanzia The Pilot (1824), zinaeleza kazi ya ubaharia kwa uhakika zaidi. Cooper alikuwa baharia wa meli ya biashara kisha wa jeshi la majini, kwa hiyo tanga na kamba anazitaja kama mtu aliyezishika.

Ila jina la Wamohikani lisikupoteze. Uncas, kijana shujaa wa The Last of the Mohicans, ana jina la mtu halisi: Uncas huyo alikuwa chifu wa Wamohegan wa Connecticut katika karne ya 17. Cooper alilichukua jina lake akawachanganya watu hao na Wamahikani wa bonde la mto Hudson. Na hakuna aliyekuwa wa mwisho: Wamohegan bado wako Connecticut, na wazao wa Wamahikani wako Wisconsin, katika jamii ya Stockbridge-Munsee.