Kemshafti kwenye injini yenye supachaja: kwa nini presha hushuka huku nguvu ikipanda

Pikapu yenye supachaja, yaani pampu inayoisukumia injini hewa, ikibadilishwa kemshafti, kinachowashtua wengi ni geji ya presha ya hewa hiyo. Tuseme kabla ya kazi ilikuwa ikisoma PSI 10. Baada ya kazi, kwa puli ileile na mkanda uleule, inasoma 8. Mwenye gari huanza kutafuta mahali hewa inapovuja. Mara nyingi hakuna kinachovuja: injini imeanza kupumua vizuri zaidi, na ndiyo sababu watu hugharamia kazi hii.

Kemshafti ni chuma kirefu kinachozunguka ndani ya injini kikiwa na nundu. Kila nundu ikipita, inasukuma valvu ifunguke. Ikishapita, springi inairudisha valvu kwenye kiti chake. Krenkishafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Kwa hiyo umbo la nundu ndilo linaloamua mambo matatu: valvu ifunguke kwa kimo gani, ikae wazi kwa muda gani, na ifunguke lini kulingana na mahali pistoni ilipo. Kimo hupimwa kwa milimita, muda hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenkishafti. Kemshafti ya kiwandani kwenye pikapu huwa na muda mfupi na kimo cha wastani, kwa sababu gari linatakiwa livute mzigo kwa mzunguko mdogo na litulie vizuri linaposimama.

Supachaja nayo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na mkanda kutoka krenkishafti. Zile za aina ya Roots, zilizopewa jina la ndugu wawili wa Indiana waliosajili pampu yao mwaka 1860, na zile za skrubu pacha husukuma kiasi kilekile cha hewa kila zinapozunguka, hewa hiyo itake isitake kuingia. Injini isipoweza kuipokea yote kwa wakati, hewa inarundikana kwenye manifoldi, yaani njia inayoigawa hewa kwa silinda. Mrundikano huo ndio geji inaousoma. Ni kama umati kwenye mlango mwembamba: msukumano ni mkubwa, wanaopita ni wachache. Ukiupanua mlango, msukumano unapungua na watu wanapita kwa urahisi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba presha si hewa. Kinachozalisha nguvu ni uzito wa hewa iliyofungiwa ndani ya silinda pamoja na petroli yake. Hewa iliyorundikana hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi na huikaribisha injini kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Tena, supachaja inayosukuma dhidi ya ukinzani mkubwa hula nguvu nyingi zaidi kutoka kwenye mkanda, yaani kutoka kwa injini yenyewe. Kemshafti nzuri hupunguza hasara hizi zote kwa pamoja, ndipo gari linapopata nguvu zaidi kwa presha ndogo.

Lakini kuna njia mbaya ya kushusha presha, na hapa ndipo kemshafti isiyofaa inapoharibu kila kitu. Mwishoni mwa kutoa moshi na mwanzoni mwa kuvuta hewa, kuna kipindi ambacho valvu zote mbili ziko wazi. Kwenye injini ya kawaida ya mbio, kipindi hicho hurefushwa kwa makusudi, kwa kuwa moshi unaotoka kwa kasi husaidia kuivuta hewa mpya iingie. Injini yenye supachaja haihitaji msaada huo. Hewa yake inasukumwa, na ikikuta valvu zote mbili ziko wazi inapita juu ya pistoni na kutokea moja kwa moja kwenye eksozi. Geji inashuka, nguvu haipandi, na kwenye injini inayopulizia petroli kabla ya valvu, mafuta nayo yanatoka bila kuchomwa. Kwa hiyo geji peke yake haikuambii kama kazi imefanikiwa. Linganisha kipimo cha dainamomita, mashine inayopima nguvu ya injini, cha kabla na cha baada.

Watengenezaji wa kemshafti hulizuia tatizo hilo kwa kutenganisha vilele vya nundu ya kuingiza na nundu ya kutoa. Pembe ya kati ya vilele hivyo ikiwa kubwa, kipindi cha pamoja kinakuwa kifupi. Kwa injini yenye supachaja, pembe za nyuzi 112 hadi 120 ni za kawaida. Pia utakuta nundu ya kutoa imepewa muda mrefu kuliko ya kuingiza, kwa sababu silinda iliyoshindiliwa hewa huzalisha moshi mwingi, na moshi huo hauna supachaja ya kuusukuma nje.

Sasa kipimo gani kinafaa pikapu? Chukua injini ya Chevrolet ya lita 5.3 iliyoenea sana kwenye pikapu za Marekani tangu mwaka 1999. Kemshafti yake ya kiwandani, kwenye toleo maarufu la LM7, ina muda wa nyuzi 190 upande wa kuingiza na 191 upande wa kutoa, zikipimwa valvu inapokuwa imeinuliwa kwa takriban milimita 1.3. Kwa gari la barabarani linalovuta tela, mimi singevuka sana nyuzi 210 na ushei upande wa kuingiza. Wanaokwenda 230 na zaidi hupata nguvu juu kabisa ya mzunguko, mahali ambapo pikapu lenye mzigo halifiki mara kwa mara, na hulipa kwa kupoteza nguvu ya kuvuta chini. Sauti ya kutetereka gari likiwa limesimama inapendwa na wengi. Haivuti tela.

Kitu ninachokipa uzito kuliko vyote ni springi za valvu, na ndizo wengi huziacha za zamani ili kubana matumizi. Presha ya supachaja hukaa mgongoni mwa valvu ya kuingiza na kuisukuma ifunguke. Valvu yenye kipenyo cha milimita 50, ikibanwa na PSI 10, hupata msukumo wa karibu kilo 14, na springi ndiyo inayotakiwa kuushinda. Ongeza nundu kali inayoirusha valvu kwa kasi zaidi, na springi dhaifu itashindwa kuifuata nundu. Valvu inadunda kwenye kiti chake, au inachelewa kufunga na kukutana na pistoni. Kimo kipya kikiwa kikubwa, nafasi kati ya valvu na pistoni ipimwe kwa udongo laini wa kufinyanga au kwa springi nyepesi za majaribio kabla ya kufunga injini. Milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa ni mpaka ambao mafundi wengi hawapendi kuuvuka. Pushirodi nazo, yaani fito zinazopeleka msukumo wa nundu juu kwenye valvu, ziangaliwe urefu.

Ugumu wa kazi unategemea muundo wa injini. Pikapu ya Ram TRX, toleo la mwaka 2021, yenye lita 6.2 na nguvu za farasi 702, ina kemshafti moja katikati ya bloku, na huchomolewa kwa mbele baada ya kuondoa rejeta na kifuniko cha cheni. Ford Lightning ya 1999 hadi 2004, yenye lita 5.4, ina kemshafti mbili, moja juu ya kila silinda hedi, kwa hiyo unanunua mbili na kuzipangia taimingi zote. Pikapu zinazozima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta zina tapeti (vipande vinavyosukumwa na nundu) za pekee. Mfumo huo uondolewe kabisa, au inunuliwe kemshafti iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kompyuta ya gari lazima ipangwe upya kabla ya safari ya kwanza ya kukanyaga mafuta. Hesabu zake za hewa zilitengenezwa kwa nundu za zamani, na injini yenye supachaja iliyokosa petroli hutoboa pistoni upesi kuliko dereva anavyoweza kuondoa mguu. Fundi wa kompyuta aanze na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ahakikishe uvutaji wa hewa unatosha kusaidia breki, kisha aangalie kama injekta zinazopulizia petroli bado zina uwezo wa ziada, na ndipo apandishe presha hatua kwa hatua akifuatilia sensa ya kugonga.