Mstaafu wa mkataba hajaongezewa muda

Kila ofisi ya mashtaka inapowaita wazee wake warudi kusaidia kesi ngumu, vichwa vya habari huwa ni vile vile: "Wastaafu waongezewa muda", au "Warejeshwa kazini". Maneno yote mawili yana maana yake katika sheria ya utumishi, na hakuna hata moja linaloeleza kilichofanyika.

Kumwajiri upya mwendesha mashtaka mstaafu ni kumpa kazi mtu ambaye ajira yake ilishakoma kisheria, kwa mkataba wenye mwisho, ili azibe pengo la ujuzi ambalo waliomo ofisini hawajaweza kuliziba. Hiyo ndiyo maana yake yote. Vurugu inaanzia kwenye maneno, na ni vizuri kuanza na neno kustaafu lenyewe.

Kustaafu limetoka katika Kiarabu, istaafa, yaani kuomba kuachiliwa. Shina lake ndilo lililotupa afu, kwa maana ya msamaha, na ndilo lililotupa afya. Kwa hiyo mstaafu kwa asili ni mtu aliyeomba atuliwe mzigo, na akatuliwa. Siku hizi umri humtua hata asipoomba: miaka 60 kwa watumishi wengi wa umma Tanzania na Kenya, 65 Afrika Kusini. Lakini maana haijabadilika. Mzigo ukishatuliwa umetuliwa. Ukitaka mtu yule yule abebe tena, unamtwika mzigo mwingine, na huo utafungwa kwa kamba yake yenyewe. Kuongeza hakupo hapo, maana kilichokwisha hakiongezwi.

Neno la pili ni mwendesha mashtaka, na hili watu hulipita bila kulitazama. Mwendesha ni anayefanya kitu kiende. Mwenye mashtaka ni mwingine: Kenya na Tanzania jalada huandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani, na Afrika Kusini huandikwa Dola dhidi ya fulani. Anayesimama mahakamani anaendesha cha wenyewe, kwa idhini aliyopewa kwa maandishi. Dereva mwenye uzoefu wa miaka 30 ambaye leseni yake imeisha ni dereva hodari, lakini akikamatwa barabarani uzoefu wake haumsaidii. Mkataba wa ajira na leseni ni vitu viwili. Ukilishika hili, mengine yote yanafuata.

Sasa tuje kwenye kuongezewa muda. Kuongezewa muda ni kubaki katika cheo kile kile, kwa mamlaka yale yale, bila siku hata moja ya kukatika, baada ya umri au kipindi kilichowekwa na sheria kufika. Afrika Kusini inatoa mfano ulio wazi kuliko mingine. Sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Mashtaka ya mwaka 1998 ilisema Mkurugenzi wa Taifa wa Mashtaka ataondoka akifika miaka 65, kisha kifungu cha 12(4) kikamruhusu Rais kumbakiza kwa muda usiozidi miaka miwili kwa jumla, ilimradi mwenyewe anataka na afya inamruhusu. Agosti 2018 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho. Hoja yake ni rahisi kueleweka: mkuu wa mashtaka anayejua kwamba Rais anaweza kumwongezea miaka miwili, au kumnyima, ana sababu ya kumtazama Rais usoni kabla hajaamua nani ashtakiwe. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshakataa jambo la namna hiyo mwaka 2011, Rais Jacob Zuma alipomwongezea Jaji Mkuu Sandile Ngcobo muda wa miaka mitano.

Ona basi kinachotokea tunapoandika kwamba wastaafu wa kawaida waliopewa mikataba "wameongezewa muda". Tunawavika doa la kitu ambacho mahakama imekikataa, na kibaya zaidi tunakipa kile kilichokataliwa sura ya jambo la kawaida. Msomaji akizoea kusikia kwamba wazee wa mashtaka huongezewa muda kila mara, siku mkuu mwenyewe atakapoongezewa hatashtuka.

Kurejeshwa kazini ni kwingine kabisa. Anarejeshwa mtu aliyeachishwa au kusimamishwa isivyo halali, na chombo cha rufaa kikaamua arudi. Huhesabiwa kana kwamba hakuondoka, na kwa kawaida hudai mishahara ya muda aliokaa nje. Mstaafu hakuonewa na mtu, kwa hiyo hana cha kurejeshewa.

Tukirudi kwa mstaafu wa mkataba, pengo la ujuzi linatokeaje mpaka aitwe? Mara nyingi si kwa uhaba wa mawakili. Ni ngazi ya kati kukatika. Afrika Kusini ilikaa miaka kadhaa ajira mpya zikiwa zimesimamishwa katika mashtaka, na programu ya kuwafunda waendesha mashtaka wanagenzi ikasimama nayo. Wenye uzoefu waliendelea kuondoka, wengine kwa umri, wengine kwa kuchoshwa. Shamila Batohi aliposhika uongozi wa Mamlaka ya Taifa ya Mashtaka Februari 2019, alikuta juu kuna wachache, chini kuna vijana, na katikati pametoboka. Ndipo ajira zikafunguliwa tena, na wastaafu pamoja na waliokuwa wameondoka wakaanza kuitwa kwa mikataba. Kijana anaajiriwa leo, lakini mwendesha mashtaka wa kesi kubwa za fedha huiva kwa miaka kumi au zaidi. Mstaafu ni daraja la kuvukia miaka hiyo.

Kuna kesi zenyewe ambazo ni ndefu kuliko utumishi wa mtu. Kesi ya udanganyifu ya Tigon, kampuni ya huduma za fedha ya Afrika Kusini iliyoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa na mashtaka zaidi ya 3,000, na ushahidi wake ulianza kusikilizwa Johannesburg mwaka 2016, zaidi ya miaka kumi baada ya washtakiwa kukamatwa. Aliyelifungua jalada la namna hiyo akiwa na miaka 50 anastaafu likiwa mezani. Anachoondoka nacho hakipo katika karatasi. Anajua kwa nini shahidi fulani aliwekwa wa saba na si wa kwanza. Anajua taarifa ya benki haipokelewi kwa kuwa tu imechapwa na ina muhuri, mpaka mtu wa benki aape kwamba imetoka katika vitabu vya kawaida vya benki na kwamba vitabu hivyo viko chini ya ulinzi wa benki. Kijana mwenye shahada nzuri anaijua kanuni hiyo, ila anakuja kukumbuka kiapo wakili wa upande wa pili akishasimama kupinga.

Njia ya kumleta mstaafu, kwa sheria ile ya Afrika Kusini, ni kifungu cha 38. Mkurugenzi wa Taifa, kwa kushauriana na Waziri, anaweza kumchukua mtu mwenye sifa na uzoefu, kwa makubaliano ya maandishi, afanye kazi katika kesi mahususi. Maneno "kesi mahususi" ndiyo yanayofaa kusomwa mara mbili, kwa sababu kosa la kwanza la vitendo hutokea hapo: ofisi inaandika mkataba wa kalenda kwa kazi ya kesi. Mkataba wa miezi 12 unatiwa saini Januari, kesi inapangiwa ushahidi Septemba, upande wa utetezi unaomba ahirisho, na Desemba inafika shahidi mkuu akiwa katikati ya maswali ya dodoso. Mkataba unakwisha siku hiyo, na mamlaka ya kusimama yanaondoka nayo. Ni afadhali mkataba useme wazi kwamba unakwenda mpaka hukumu ya kesi iliyotajwa kwa namba yake, pamoja na adhabu.

Kosa la pili ni zito zaidi. Idara ya utumishi inamaliza kazi yake, mstaafu analipwa, anapewa kiti na kompyuta, na watu wanadhani amekamilika. Sheria hiyo inataka mwendesha mashtaka awe na idhini ya maandishi inayotaja eneo, aina ya makosa na mahakama anazoruhusiwa kusimama, na inataka aape kabla hajaanza. Idhini ya zamani na kiapo cha zamani vilikuwa vya ofisi aliyoiacha, na ofisi makini humwandikia hati mpya na kumwapisha upya. Wanaosema "huyu ni mkongwe, kila hakimu anamjua" wanachanganya heshima na mamlaka. Hakimu anaweza kumjua na bado akalazimika kumwuliza hati iko wapi.

Hapa kwetu mahakama zimeshaonyesha zinavyolichukulia jambo hili. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilitamka kwamba kesi iliyoendeshwa na polisi asiyekuwa na cheo kilichotakiwa kisheria ilikuwa batili. Sheria ya wakati huo ilitaka asiwe chini ya mkaguzi msaidizi. Hakuna aliyeuliza kama alijua kazi. Tanzania nako, Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi za uhujumu uchumi kwa sababu hati ya ridhaa, yaani kibali cha kushtaki, ilitiwa saini na ofisa wa chini kwa kutumia kifungu cha 26(1) cha sheria ya makosa hayo, ambacho ni cha Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe, badala ya 26(2) kinachowahusu wale aliowakasimu. Ni tarakimu moja ndani ya mabano, na kesi nzima ikaanguka. Waliohukumiwa katika kesi za namna hiyo hawakutoka kwa kuwa walionekana hawana hatia. Mashahidi waliosafiri na kuapa walipoteza siku zao, na anayedai haki hakupata jibu. Ndiyo maana suala la hati si la kulegeza.

Kuna nafasi moja ambapo hati hiyo haihitajiki, nayo husahauliwa. Mstaafu anayechukuliwa kama mshauri, asome jalada, aandike maoni, amkalishe kijana na kumsahihisha hati ya mashtaka, haendeshi kitu. Anaweza kuketi nyuma mahakamani siku nzima. Asichoweza ni kusimama na kusema "ninaiwakilisha Jamhuri". Kwa ofisi nyingi zenye pengo, huyu ndiye anayehitajika kuliko yule wa kusimama, kwa kuwa akiondoka anaacha mtu aliyefundishwa. Mkataba mzuri humtaja kwa cheo kijana atakayefanya naye kazi na kazi atakazokuwa amezishika mkataba ukiisha. Usipotaja hivyo, mwaka wa pili pengo ni lile lile na mzee ni yule yule, na vijana wanaolalamika kwamba njia imezibwa wana haki ya kulalamika.

Lingine la kuangaliwa kabla ya saini ni alichofanya mstaafu tangu aondoke. Wengi hufungua ofisi za uwakili, na baadhi huchukua kesi za utetezi. Huulizwa kwa maandishi amewahi kumshauri nani, akalipwa na nani, na kama kuna mshtakiwa au shahidi wa kesi hii aliyepita mezani pake. Swali hilo huchukua nusu saa kabla ya mkataba. Likiulizwa na utetezi katikati ya kesi huchukua miezi.

Basi wanaoandika habari hizi, na maofisa wanaotoa taarifa, wasaidieni wasomaji kwa kubadili kitenzi tu. Mkuu aliyebakizwa kitini baada ya umri wake, huyo ameongezewa muda, na ni haki mwananchi aambiwe hivyo bila kufichwa. Mwendesha mashtaka aliyestaafu kisha akaitwa kwa kesi fulani, andikeni kwamba amepewa mkataba, mtaje ni wa kesi gani na unakoma lini. Na kama hati ya kumruhusu kusimama mahakamani haijatoka bado, tumieni "ameitwa", mpaka itoke.