Mto Nairobi, Bahari na Samaki: Tunayoambiana na Yalivyo

Mkazi wa Nairobi ukimtajia bahari atakuuliza unasafiri lini. Ukimtajia mto atashika pua. Bahari ni ya likizo ya Desemba, mto ni wa kuvukwa haraka ukielekea Gikomba. Ndiyo maana mazungumzo yetu kuhusu maji na tabianchi yamejaa mambo yanayosemwa kwa uhakika mkubwa na bado si kweli. Nimekusanya machache ninayoyasikia mara nyingi.

"Bahari iko Mombasa, sisi inatuhusu nini?"

Fuata maji. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Unapita mjini, unapokea maji ya Mathare na Ngong, kisha unaingia Mto Athi. Athi unaporomoka Fourteen Falls, unazunguka Ukambani, unapita Tsavo kwa jina la Galana, na hatimaye, ukiitwa Sabaki, unamwaga kila ulichobeba katika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya Malindi. Kwa hiyo mtaro wa Ngara una mlango wake baharini, ingawa uko mbali.

Msimu wa mvua, bahari ya Malindi huwa kahawia. Hapa nitatenda haki: rangi ile si taka za Nairobi, sehemu kubwa ni udongo uliochukuliwa na maji mashambani. Watafiti walilichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, ambalo hukua kwa tabaka na kuhifadhi alama za kile kilicholetwa na mto. Walikuta kwamba kwa muda mrefu udongo ulikuwa kidogo, kisha ukaongezeka kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, ukoloni ulipobadilisha namna ardhi ya bara ilivyolimwa. Tope linalonyima matumbawe mwanga si jambo dogo, maana joto nalo halijayasaza. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali hadi sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikapauka na kufa. Samaki wengi anaowategemea mvuvi wa mtumbwi na dema huishi na kukulia hapo.

Na bahari haipokei tu, hurudisha. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukiwa na joto kuliko ule wa Indonesia, mvua ya vuli Afrika Mashariki huwa nyingi kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, na Mei 2020 Ziwa Victoria likafikia kina ambacho halikuwahi kufikia katika kumbukumbu za vipimo. Hali ikigeuka, ni ukame. Bei ya sukuma wiki sokoni Marikiti hupangwa kwa kiasi fulani na joto la maji ambayo wengi wetu tumeyaona mara moja kwa mwaka.

"Wanaochafua mto ni watu wa mabanda."

Hii ndiyo dhana inayopendwa zaidi, hasa na watu wanaokaa ghorofani. Ni kweli kwamba ukisimama darajani Mathare utaona plastiki na vinyesi, kwa sababu watu wa pale hawana bomba la maji taka wala gari la kuzoa taka linalofika mlangoni. Lakini kinachoua mto zaidi si kile kinachoelea. Ni kile kilichochanganyika na maji: kinyesi, sabuni, mafuta ya karakana, kemikali za viwanda. Nyumba nyingi Nairobi, zikiwemo za kodi kubwa, hazijaunganishwa na mfumo wa maji taka. Wengine hutegemea lori la kunyonya, ambalo si kila dereva hulipeleka panapostahili, na wengine wameelekeza bomba lao kimyakimya kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mto Ngong unapita Industrial Area kabla ya kufika Mukuru. Aliye chini hupokea, kisha hulaumiwa.

Kisa chenyewe ni cha oksijeni. Uchafu wa kuoza unapoingia mtoni, bakteria huula, na wanapoula hutumia oksijeni iliyomo majini. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kwa hiyo kiasi kilekile cha maji taka kitaua viumbe wengi zaidi mwaka wa joto na kiangazi kirefu, mto unapokuwa mwembamba.

Ukimwambia mtu hivi atajibu kwamba mvua kubwa itausafisha. Haiusafishi. Inausukuma uchafu kwa jirani wa chini, na kuongeza mwingine uliokuwa umelala mitaroni.

"Lakini mto wenyewe nani anautumia? Maji yetu yanatoka Ndakaini."

Ya mfereji, ndiyo, mengi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Ila sukuma na spinachi zinazolimwa kandokando ya mto hunyweshwa kwa maji yake. Hapo huja jibu la jikoni, kwamba ukipika vizuri kila kitu hufa. Vijidudu hufa, kweli. Risasi na madini mengine mazito hayafi, kwa kuwa hayakuwa hai. Moto hauyaondoi, na kuosha jani hakutoi kilichoingia kupitia mizizi. Zaidi ya hapo, kule Makueni, Athi unapokutana na Thwake, kuna bwawa kubwa lililokusudiwa kuwapa watu wa Makueni, Kitui na Konza maji ya kunywa. Sehemu ya maji yake ni haya ya mto yaliyokwisha kutupitia.

"Mafuriko ya 2024 yalikuwa tabianchi tu."

Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzito na zaidi ya watu 200 walifariki nchini. Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha uzito wa mvua za namna hiyo. Lakini mto huwa na nafasi yake ya kutanuka, na kanuni zetu zinataka iachwe wazi kati ya mita 6 na 30. Sisi tumeimwagia saruji. Mwaka 2018 tingatinga zilibomoa hata majengo ya biashara Kileleshwa na Lang'ata. Mwaka 2024 ziliwageukia zaidi wenye nyumba za mabati. Sijui sheria gani ya fizikia inayofanya ukuta wa mabati uzuie maji kuliko ghorofa kumi.

Na kwa wale wanaosema dawa ni kupanda mti wowote ukingoni: si wowote. Mkaratusi hukua upesi kwa kunywa maji mengi, na kwenye chemchemi au kinamasi unaweza kuyapunguza sana. Mianzi na miti ya kienyeji inayozoea unyevu hushika udongo bila kugombania maji hivyo.

Tumalizie na sahani. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, lakini ukiwasikiliza walaji wa Nairobi utadhani ziwa lote ni letu na halina mwisho. Minofu ya mbuta (sangara) husafirishwa ng'ambo, sisi tunabaki na mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki, wa kukaanga mtaani. Wanaosema samaki wakiisha ziwani tutafuga, wakumbuke vizimba vya kufugia viko ndani ya ziwa hilohilo. Novemba 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa upande wa Kisumu baada ya maji ya chini, yasiyo na oksijeni, kupanda juu.

Wapo pia wanaoona kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, ni kumwonea mvuvi. Ule ndio muda wa kuwaachia wazaliane na wakue, na nyavu za omena hubeba pia vifaranga vya samaki wengine. Ugumu wake ni kwamba katika miezi hiyo omena hawakosekani Gikomba: wengine huvuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania, wengine walikaushwa mapema, na wengine huvuliwa usiku kwa kujificha. Ukinunua mwezi Mei, muulize mama anayekupimia kwa gorogoro wametoka wapi. Kwa kawaida anajua.